Si Binti Yangu

Ili Anjela aolewe, ilibidi baba yake asimame mbele ya wazee aseme kwamba si binti yake. Njia nyingine haikuwepo. Fabiani Bura aliitafuta kwa siku nyingi, shambani kwake Bagara, pembeni ya mji wa Babati, akipalilia mbaazi, kanisani, na kitandani akiwa amelala macho, na hakuiona.

Mambo yalikuwa hivi. Anjela alikuwa na mimba. Aliyempa mimba ni Venance, kijana wa Mutuka, fundi wa kuchomelea mageti, ambaye Anjela alikutana naye kwenye kwaya ya parokia. Venance hakukimbia. Alimleta mshenga kabla hata Xaveria, mama yake Anjela, hajamaliza kulia. Kijana wa watu, ana adabu, anajua kazi. Alikuwa na kasoro moja tu, nayo hakuitafuta: ukoo wa baba yake na ukoo wa Fabiani ni ukoo mmoja.

Kwa Wairaqw, watu wa ukoo mmoja hawaoani. Hata kama babu zao waliachana huko milimani Mbulu kabla Mjerumani hajafika, wao ni ndugu, na mtoto wa ndugu wawili ni mwiko unaotembea. Hashikwi na bibi, haombewi na wazee, na mvua ikikosekana ni yeye atakayetajwa. Unaweza kuwa Mkristo wa vizazi vitatu, rozari shingoni, na bado ukasikia baridi mgongoni ukitajiwa jambo hilo.

"Hamkuulizana ukoo?" Fabiani alimuuliza binti yake siku mshenga alipoondoka.

"Baba, nani siku hizi anaulizana ukoo?"

"Mliulizana nini sasa?"

"Namba ya simu," alisema shangazi Genoveva, dada yake Fabiani, aliyekuwa amekaa mlangoni anachambua mchicha.

Sasa, mtu mgeni angesema hapo hakuna shida, kwa sababu Anjela hakuwa na tone la damu ya Kiiraqw. Alizaliwa Mmasai. Ukimtazama ulijua, na kama hukujua, watoto wa shule ya msingi walikuwa tayari kukusaidia. Walimwita "Yeyo", kama wanavyoitwa kina mama wa Kimasai, miaka saba mfululizo. Na mnadani Wamasai wenyewe walipomsemesha kwa lugha yao, akawajibu kwa Kiswahili, walimcheka na kusema huyu ni kopo la maziwa limejazwa uji.

Mama yake mzazi aliletwa hospitali kutoka Simanjiro mwaka wa ukame mkubwa, akiwa ameshachelewa njiani siku mbili. Alijifungua akafa. Kitanda cha pili alikuwa amelala Xaveria, aliyekuwa ametoka kuzaa mtoto mfu, wa tatu. Maziwa yalikuwa yanamtoka yenyewe na hakuna wa kuyanyonya. Nesi alimtazama huyu, akamtazama yule kichanga, akauliza. Xaveria alinyoosha mikono.

Baba mzazi, Lomayani, alikuwa amesimama dirishani na vumbi la safari kwenye shuka. Alikaa pale mpaka mtoto akashiba. Kisha akamwambia Fabiani, "Kwangu ng'ombe wamekufa. Mama amekufa. Maziwa iko hapa. Kaa na yeye." Akaenda kuzika.

Ukoo wa Fabiani haukufurahi. Baba yake mdogo alimfuata mpaka nyumbani. "Babu yako alikufa kwa mkuki wa watu hawa akifukuza ng'ombe wake. Leo unamlea mjukuu wa mkuki?"

"Mkuki haukumuuliza huyu mtoto," alijibu Fabiani.

Alimbatiza, wakamwita Anjela. Akaenda ustawi wa jamii, akaenda mahakamani, akarudi na karatasi zake. Paroko wa wakati ule alimwambia yatosha: mbele ya Mungu ni wako, mbele ya serikali ni wako. Lakini Fabiani alikuwa mbishi tangu utoto, na ubishi wake ndio uliomponza. Alitaka pasiwe na mtu, hata mmoja, hata miaka hamsini baadaye, atakayeweza kumwambia binti yake kwamba ni mgeni. Akawaita wazee wa ukoo. Akachinja kondoo. Mzee Amsi, aliyekuwa bado na meno yote wakati huo, akakata ukanda mwembamba wa ngozi, akamvisha mtoto kidoleni, akamwombea kwa Kiiraqw dua ndefu ya wazee na watu wote wakaitikia. Ndipo Fabiani aliposimama, pombe ya asali ikiwa kichwani kidogo, akasema maneno ambayo hakuna aliyemtuma kuyasema: "Atakayesema huyu si damu yangu, anichinje kwanza aangalie rangi."

Kwa hiyo Anjela akawa mtu wa ukoo. Si kwa kuhurumiwa, kwa haki. Na kwa haki hiyohiyo, Venance akawa kaka yake.

*

Paroko wa sasa ni padri kijana. Alifungua vitabu vyake, akasoma, akafunga. "Kanisa halina pingamizi, mzee Fabiani. Undugu wa mbali namna hiyo sisi hatuuhesabu."

"Wazee wanauhesabu."

"Basi kaa nao. Waambie sisi sote kwa Mungu ni watoto wa kulelewa. Mtume Paulo amelisema hilo."

"Padri, nikimpelekea mzee Amsi habari za Paulo ataniuliza Paulo ni wa ukoo gani."

Padri alicheka, kisha akaona mwenzake hacheki.

Leonard, baba yake Venance, hakuwa mtu mbaya. Alikuja mwenyewe kwa pikipiki kutoka Mutuka, akakaa, akanywa chai, akasema wazi. Mke wake hali chakula. Mama yake mzazi, kikongwe, ameapa kwamba mtoto huyo akizaliwa hatalala chini ya bati lake. Wazee wamekaa wameona mlango mmoja. Fabiani aliyemwingiza msichana kwenye ukoo ndiye awezaye kumtoa. Aseme si wake, mwenye naye aje ampokee, kisha Venance aoe Mmasai kama watu wengine wanavyooa Wamasai.

"Ni maneno tu, Baba Anjela," alisema Leonard. "Kila mtu anajua ukweli."

"Ukweli upi?"

Leonard akatazama kikombe chake.

Xaveria alikuwa amesimama mlangoni wakati wote huo na kitambaa cha kufutia vyombo mkononi. Akauliza, "Na mimi nitaulizwa?"

"Ukoo ni wa baba, Mama Anjela. Mwanamke haulizwi."

"Nilimnyonyesha miaka miwili."

"Maziwa hayana ukoo," Leonard alisema. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anavyosema mvua hainyeshi kuanzia chini kwenda juu.

Xaveria alirudi jikoni. Walisikia sufuria ikianguka, na hawakusikia ikiokotwa.

Fabiani angekataa. Alishaamua kukataa. Lakini jioni ile Anjela alimfuata zizini, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa kama alivyokuwa akikaa tangu utoto, huku baba akikamua.

"Baba, nenda kaseme."

"Niseme nini?"

"Unajua."

Fabiani akaendelea kukamua. "Umetumwa na Venance?"

"Venance anataka tukimbilie Dodoma. Mimi ndiye nimekataa. Nikikimbia, mtoto huyu watamtafuta hata akiwa mzee. Watasema ni wa ndugu wawili. Unakumbuka walivyokuwa wananiita shuleni? Mimi nilikuwa narudi nyumbani nakukuta wewe. Yeye atarudi kwa nani, kama bibi yake mwenyewe hamtaki?"

"Na wewe utanisikia nikisema?"

"Nitaziba masikio." Akacheka kidogo. "Ni maneno, baba. Mimi najua na wewe unajua. Ukishasema tunarudi nyumbani, mama anapika makande, basi."

Alikuwa na miaka ishirini na tatu na aliamini hivyo. Fabiani alikuwa na zaidi ya hamsini, na alikuwa amewahi kusema maneno mbele ya wazee. Alijua yanavyokaa. Lakini binti yake hakuwahi kumwomba kitu akamnyima.

Siku iliyofuata alimpigia simu Lomayani.

*

Walikutana Mutuka, uani kwa Leonard, Jumamosi ya Kwaresima saa nne asubuhi. Viti vya plastiki vilikuwa vimeazimwa kutoka jumuiya. Wazee saba, mzee Amsi katikati na fimbo yake. Wanawake pembeni, karibu na jiko. Xaveria hakuja. Alimwambia mumewe, "Nenda na mdomo wako. Mimi sina cha kwenda kukana." Ukanda wa ngozi ya kondoo, ambao wazee waliutaka, alikuwa ameufunga kwenye leso ndani ya sanduku lake la nguo za kanisani. Hakumpa. Fabiani aliuchukua mwenyewe asubuhi hiyo, mkewe akiwa kisimani. Ulikuwa mdogo sana. Hakukumbuka kwamba kidole cha Anjela kilikuwa kidogo kiasi kile.

Lomayani alikuwa amezeeka, jicho moja lina mtoto wa jicho. Alikuja na mwanawe Silau, aliyevaa jaketi la ngozi juu ya shuka na kushika simu mbili. Lomayani alimsogelea Fabiani kabla ya kikao, akamshika mkono na hakuuachia.

"Mimi sikuja kuchukua," alisema. "Wameniita. Ukisema nirudi, narudi."

"Kaa, mzee mwenzangu."

"Mimi sikumtupa."

"Najua. Nilikuwepo."

Mzee Amsi aligonga chini kwa fimbo. "Fabiani mwana wa Bura. Msichana huyu ni nani wako?"

"Ni mtoto niliyemlea."

"Hatujauliza nani kamlea. Hata ndama hulelewa na ng'ombe asiye mama yake. Tunauliza, ni binti yako au si binti yako?"

Fabiani alitazama upande wa wanawake. Anjela alikuwa amekaa kwenye kigoda. Hakuziba masikio. Mikono yake ilikuwa tumboni.

Barabarani ilipita bajaji na muziki wake, wakangoja ipite.

"Si binti yangu," alisema Fabiani.

"Kwa damu, au kwa ukoo?"

"Kwa damu."

"Na kwa ukoo?"

"Na kwa ukoo."

"Ulituambia tukuchinje tuangalie rangi."

"Niliwaambia."

"Ulisema uongo?"

Swali hilo Fabiani hakulitegemea. Alikuwa amejiandaa kwa mengine yote. Kama angesema hakusema uongo, basi Anjela bado ni wa ukoo na kikao kimevunjika. Wazee walimtazama. Leonard alikuwa anatazama viatu vyake.

"Nilisema uongo," alisema.

"Ni wa nani?"

"Wa Lomayani."

Mzee Amsi akapokea ule ukanda, akautazama karibu na macho, akautupa kwenye moto wa jiko. Harufu yake ilikuwa ndogo. Ilitoka mara moja ikaisha.

Kisha Lomayani akasimama, akamwita msichana kwa jina ambalo marehemu mama yake msichana alikuwa ametaka kumpa: Naipei. Anjela hakujua kwamba ni yeye anayeitwa. Genoveva akamsukuma begani. Alikwenda akainamisha kichwa, mzee akamtemea mate ya baraka utosini na kumwombea maneno mengi kwa Kimasai. Hakuelewa hata moja. Alipomaliza, Anjela akasema, "Amina," kwa sababu hakujua kinachojibiwa.

"Jambo la mwisho," alisema mzee Amsi. "Msichana, kuanzia leo huyu ni mzee Fabiani, jirani wa Bagara aliyekulisha. Ukimwita baba, mahali popote watu wa ukoo wanaweza kusikia, tumecheza mchezo hapa. Na mtoto wako atakuwa wa ndugu wawili. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Na wewe Fabiani?"

"Nimesikia."

Babati si mji mkubwa, na watu wa ukoo wako kila mahali: sokoni, kwenye kwaya, kwenye mashine ya kusaga. Walipokuwa wanatoka, Anjela alimkuta Fabiani langoni anajaribu kufungua baiskeli yake. Leonard na wazee wawili walikuwa nyuma yao. Anjela akasimama. Midomo yake ilianza neno moja, ikalimeza.

"Safari njema, mzee," alisema.

"Ahsante," alisema Fabiani. "Ahsante, mwanangu," alitaka kusema, lakini na yeye alikuwa amekatazwa.

Alifika nyumbani akamkuta Xaveria amekaa kitandani, sanduku liko wazi, leso iko mapajani. Makande yalipikwa siku hiyo, kwa kuwa maharage yalikuwa yameshalowekwa, na waliyala wawili, kwani Anjela alikuwa amebaki Mutuka.

*

Kila Ijumaa Kuu, kwenye parokia yao, Fabiani alikuwa akisoma sehemu ya Petro katika Mateso ya Bwana. Aliisoma miaka mingi kwa sababu ana sauti nene inayofika nyuma bila kipaza sauti. Mwaka huo alimfuata padri siku tatu kabla akamwambia atafute mtu mwingine.

Padri alimkalisha. Alikuwa amesikia. "Mzee Fabiani, Petro alimkana Bwana, tena kwa kuapa. Na Bwana akamsamehe. Kwa nini wewe ujione mbaya kuliko Petro?"

"Sijioni mbaya kuliko Petro."

"Sasa?"

"Petro alitoka nje akalia, akarudi akasema nakupenda. Akasema mbele ya watu. Mimi nikirudi nikasema, ndoa ya mtoto imevunjika na mjukuu amekuwa mwiko. Toba yangu ndiyo itakayomuua." Alisimama akachukua kofia yake. "Niambie, padri, nitubu namna gani?"

Padri alikuwa amesoma miaka mingi, mingine nje ya nchi, na alikuwa mtu wa huruma. Alimwekea Fabiani mkono kichwani, akamwombea kimya, na hilo ndilo aliloweza.

Matangazo ya ndoa yalisomwa baada ya Pasaka, Jumapili tatu: Venance, mwana wa Leonard na Irine, wa Mutuka, na Anjela Naipei, binti wa Lomayani, wa Simanjiro. Kila Jumapili padri aliuliza kama kuna mwenye pingamizi. Jumapili ya kwanza Xaveria aliinuka. Fabiani alishika upande wa kanga yake. Xaveria akasimama kidogo, watu wakamtazama, kisha akatoka nje kama mtu aliyeshikwa na kikohozi. Jumapili mbili zilizofuata alikwenda kusali misa ya Bonga, parokia nyingine.

Sherehe ya kumuaga binti haikuwepo. Wa kumuaga walikuwa hawana haki ya kumuaga, na waliokuwa na haki hawakujua kwamba ni desturi. Siku ya harusi Lomayani na Silau ndio waliomwingiza kanisani, Silau akipiga picha kwa simu zote mbili. Kwenye ukumbi, meza ya wazazi ilikuwa na viti vinne: Leonard na mkewe, Lomayani na mke wake mdogo, ambaye siku hiyo ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kumwona bibi harusi. Fabiani alikaa na wanajumuiya. Xaveria alikwenda moja kwa moja jikoni, akafunga kanga kiunoni, akamenya ndizi na wapishi mpaka watu wakaondoka. Anjela alipita na keki kwenye sahani, mume pembeni, kuwalisha wazazi. Alipofika karibu na meza ya jumuiya, gauni lake liligusa goti la Fabiani. Hakusimama. Watu wa ukoo walikuwa wamejaa ukumbi mzima.

Mtoto alizaliwa mwezi wa tisa, wa kiume, mzima. Bibi kikongwe wa Mutuka alimpokea kwa mikono yake mwenyewe, akamlaza chini ya bati lake. Kwa hiyo jambo lilifanya kazi. Lazima lisemwe: lilifanya kazi.

Anjela huja Bagara akishuka mjini kununua vitu. Anakuja na Venance, au na wifi yake, haji peke yake. Akifika mlangoni anapiga hodi. Miaka ishirini na tatu hakuwahi kupiga hodi kwenye nyumba ile. Anasema, "Shikamoo, mzee. Shikamoo, mama mkubwa." Wanasema marahaba. Anakunywa chai, mtoto anazungushwa, Xaveria anamnusa shingoni anamrudisha. Siku moja wifi alitoka nje kupokea simu, na kwa muda ule mfupi Anjela akageuka, akamtazama Fabiani kwa macho yaleyale ya zizini. Fabiani alingoja. Lakini neno lilikuwa limekaa muda mrefu bila kutumika, na wifi akarudi.

Majirani wakimwita Xaveria "Mama Anjela" bado wanashtuka katikati, wanamalizia kwa kukohoa. Wengine wameanza kumwita Mama Fabiani, kama vile amemzaa mumewe.

Hesabu ni hii. Venance ana mke. Leonard ana mjukuu asiye na doa. Lomayani ana binti asiyejua lugha yake. Anjela ana nyumba, mume, mtoto, na baba wawili, mmoja asiyemfahamu na mwingine asiyeruhusiwa kumwita. Fabiani na Xaveria wamepata watoto wanne. Watatu wako kwenye makaburi ya parokia, hawakuwahi kulia. Wa nne yuko Mutuka, mzima, mwendo wa bajaji moja. Wa kuwaita baba na mama hakuna.